Sabuni ya maji ya kupima sokoni Mwanza: kipimo chake kilitoka jikoni

Sabuni ya maji inayouzwa kwa kupima Mwanza, ile inayokaa kwenye madumu ya lita 20 na kumiminwa katika chupa za maji zilizokwisha kutumika, inafaa kununuliwa, ila si kila dumu. Sabuni mbili zenye rangi moja, uzito mmoja na harufu ileile ya limau zinaweza kupishana nguvu mara mbili, na mnunuzi asijue kwa kuziangalia wala kwa kuzisugua vidoleni. Mama lishe wa Mwaloni Kirumba, Igoma na Buhongwa, wanaoshinda na sahani za samaki mikononi, huchagua kwa uzito na povu kwa sababu ndivyo vitu muuzaji anavyoonyesha. Vyote viwili vinadanganya. Kipimo kisichodanganya kipo, hakitaki maabara, na aliyechunguza msingi wake ni binti aliyekuwa akiosha vyombo kwao Ujerumani wakati vyuo vikuu vya huko vimewafungia wanawake milango.

Jina lake Agnes Pockels. Alizaliwa Venice mwaka 1862, mji huo ukiwa chini ya Austria, baba yake akiwa ofisa wa jeshi. Mwaka 1871 familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Agnes alisoma shule ya wasichana, akaipenda fizikia, na masomo yakaishia hapo kwa sababu hakukuwa na chuo cha kumpokea msichana. Wazazi walikuwa wagonjwa. Kuwauguza na kuendesha nyumba ikawa kazi yake kwa miaka mingi. Mdogo wake wa kiume, Friedrich, ndiye aliyekwenda kusoma fizikia Göttingen, na vitabu vya chuo vilimfikia dada kupitia kwake. Milango ya vyuo ilipokuja kufunguliwa, wazazi walimtaka abaki nyumbani, naye akabaki. Utafiti hakuuacha.

Kilichomshughulisha ni maji ya beseni. Maji yenye mabaki ya mafuta hayana tabia ya maji safi, na yeye alitaka kujua kwa kiasi gani, si kwa kukisia. Mwaka 1882, akiwa na miaka 20, tayari alikuwa na chombo chake: hodhi jembamba la bati, urefu sentimita 70, upana 5, kina 2, limejazwa maji mpaka ukingoni. Juu yake alilaza ukanda wa bati wa upana wa sentimita 1.5 hivi, ukikatiza hodhi, upande wake wa chini ukigusa maji. Ukanda huo uligawa uso wa maji pande mbili. Ukiusogeza, upande mmoja unabanwa na wa pili unapanuka, na alama zilizopigwa ukingoni zinaonyesha umebanwa kiasi gani. Ili kujua nguvu ya uso wenyewe, alining'iniza kisahani cha milimita 6 kwenye mizani, akakigusisha maji, kisha akasogeza uzito wa mizani mpaka kisahani kibanduke. Nguvu ya kukibandua ndiyo iliyompa mvutano wa uso wa maji, yaani jinsi uso huo unavyojikaza kama ngozi nyembamba.

Alichokiona humo kinamhusu moja kwa moja anayenunua sabuni leo. Mafuta kidogo yakitandaa juu ya uso mpana, mvutano unabaki kama wa maji safi. Ukiubana uso polepole, bado hakuna badiliko. Unafika mahali fulani, mvutano unaanza kuporomoka ghafla. Maana yake, uso wa maji lazima ujae kwanza ndipo ulegee. Sabuni nayo ni hivyohivyo: molekuli zake zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, kwa hiyo hupanda juu na kujipanga usoni. Zikiwa chache, maji yanabaki na ukakamavu wake na hayapenyi chini ya mafuta ya sahani. Zikitosha, mvutano unashuka kutoka milinyutoni 72 kwa mita, ambao ni wa maji safi kwenye nyuzi joto 25, hadi kwenye 30 hivi, na molekuli zinazozidi zinaanza kuyazingira matone ya mafuta na kuyabeba. Basi swali la kumwuliza dumu lolote la sabuni ni hili: uso wa maji unajaa kwa mililita ngapi zako?

Si lazima uwe na hodhi la bati. Tone linatosha, kwa kuwa tone huning'inia kwenye mdomo wa bomba kwa mvutano huohuo. Mvutano ukipungua, tone linakatika likiwa dogo, na mililita zilezile zinatoa matone mengi zaidi. Nunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, jipya, uondoe sindano. Anza na maji matupu. Vuta mpaka alama ya 4, lishike wima mdomo ukiangalia chini, sukuma taratibu hadi alama ya 2 huku ukihesabu. Rudia mara tatu. Hesabu zikipishana zaidi ya matone mawili au matatu, ama unasukuma kwa pupa, ama mdomo wa bomba umepata mafuta ya vidole.

Kisha andaa sabuni katika ngazi mbili. Ya kwanza ni mililita 5 za sabuni katika lita 1 ya maji, ikorogwe polepole isitoe povu. Kwa ngazi ya pili, chukua mililita 200 za hiyo ya kwanza, ongeza maji mpaka itimie lita 1. Hapo una mililita 1 ya sabuni kwa lita. Pima hii nyepesi kabla ya ile kali, la sivyo masalia ya kali yatakuharibia hesabu. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: tone lisikatwe haraka. Lipe sekunde mbili au tatu. Molekuli za sabuni huchukua muda kupanda kwenye uso mpya, na tone la haraka huhesabika kama la maji matupu hata sabuni ikiwa nzuri kabisa.

Tuseme maji matupu yametoa matone 40 kwa mililita 2. Katika ngazi ya kwanza, sabuni yenye maana itafikisha 80 au zaidi. Isiyofika huko haistahili kununuliwa. Ngazi ya pili ndiyo inayotenga wazuri na wabaya. Sabuni iliyoshiba itabaki juu sana ya 40, na iliyochakachuliwa kwa maji itarudi kuelekea 40, kwa sababu uso haujajaa. Ule mchezo wa kunyunyiza pilipili manga juu ya maji na kugusa kwa sabuni mpaka pilipili ikimbie ni mzuri kwa watoto, lakini hauchagui sabuni. Tone moja la sabuni dhaifu linaitimua pilipili sawasawa na tone la sabuni kali, kwa kuwa pale lilipoanguka halijachanganywa na maji ya kutosha kuonyesha udhaifu wake.

Sasa kuhusu uzito. Watengenezaji wadogo karibu wote hutumia mali ghafi moja: asidi ya salfoniki, slesi (SLES, kemikali ya kusafisha na kutoa povu), soda ashi, chumvi, CMC (unga wa kunenepesha), rangi na manukato. Zinazosafisha ni salfoniki, baada ya kutulizwa na soda ashi, pamoja na slesi. Basi. Chumvi huifanya slesi iwe nzito bila kuongeza chembe ya nguvu, na CMC huleta unene wake pembeni. Sabuni iliyojazwa CMC huvutika kama mlenda ukiinua kijiko. Mnunuzi anaipenda, sahani zinabaki na mafuta. Chumvi nayo ina kikomo: ikiongezwa kidogokidogo sabuni inazidi kuwa nzito, ikizidi inageuka ghafla kuwa nyepesi na yenye ukungu. Kwa hiyo sabuni nyepesi inaweza kuwa nzuri iliyozidishiwa chumvi, na nzito inaweza kuwa maji yenye CMC.

Piga hesabu uone tofauti inatoka wapi. Kilo 1 ya salfoniki ya asilimia 96 ina gramu 960 za kitu chenyewe. Kilo 1 ya slesi ya asilimia 70 ina gramu 700. Jumla ni gramu 1,660. Zikiingia katika lita 20, kila lita ina gramu 83, yaani asilimia 8 hivi, na hiyo ni sabuni ya heshima kwa mama lishe. Zikivutwa mpaka lita 40, kila lita ina gramu 41 au 42, na CMC inaficha aibu hiyo vizuri sana. Mtengenezaji anayekwambia bila kusita kilo zake na lita zake ni wa kurudiwa. Anayesema ni siri ya kazi, mpime kwa matone.

Jambo la pili la kukagua ni mikono. Kilo 1 ya salfoniki ya asilimia 96 inataka karibu gramu 160 za soda ashi ili itulie. Ikipungua, asidi inabaki na kuchoma ngozi, hasa penye mikwaruzo ya miba ya samaki. Ikizidi, mikono inakauka na kupasuka. Kugundua soda iliyozidi, paka karatasi nyeupe manjano yaliyolowekwa kwenye spiriti, iache ikauke, dondoshea sabuni: ikigeuka nyekundu ya matofali, soda imezidi. Kugundua asidi, changanya sabuni na maji kiasi sawa, subiri povu litulie, nyunyiza magadi kidogo, utazame kama viputo vidogo vinapanda kutoka chini. Anayetengeneza mwenyewe ajue kwamba soda ashi ikikutana na salfoniki hutoa gesi ya kaboni dioksidi na mchanganyiko huumuka. Chombo kisijazwe zaidi ya nusu, soda iyeyushwe kwanza kwenye maji, iingie polepole, na macho yalindwe.

Samaki wa ziwa wana madai yao. Mafuta ya sangara ni majimaji katika joto la kawaida la Mwanza, tofauti na ya ng'ombe yanayoganda, kwa hiyo hayahitaji maji yanayochemka ili yang'oke. Na maji ya moto yakitangulia huleta hasara: protini ya samaki inaganda na kung'ang'ania sahani. Suuza kwanza kwa maji ya kawaida, ndipo upeleke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni. Sehemu ya harufu ya samaki inatokana na kemikali ziitwazo amini, ambazo ni besi, na sabuni yenye soda iliyozidi haiziondoi. Ndimu au siki kidogo katika maji ya mwisho inazimaliza.

Kwa jiko la biashara, ongeza kipimo cha sahani juu ya kile cha matone. Weka lita 5 za maji na mililita 10 za sabuni katika beseni, pigapiga litoke povu. Paka kila sahani kijiko kimoja cha chai cha mafuta yaleyale ya kukaangia, osha kwa dodoki moja, uhesabu mpaka povu lifunike chini ya nusu ya beseni. Hapa povu lina kazi ya kweli. Povu la mwanzo halisemi kitu, kwa sababu kuna viungo vya kulikuza, lakini povu linapokufa katikati ya kazi linatangaza kwamba sabuni imekwisha kushikwa na mafuta. Sabuni ya kupima iliyoshiba hushindana na ile ya kiwandani katika kipimo hiki. Iliyochakachuliwa hushindwa mapema.

Lakini kuna uchafu usiilaumu sabuni kwa ajili yake. Utando wa kahawia unaonata kwenye karai la kukaangia dagaa na mapanki (mabaki ya sangara aliyetolewa minofu) si mafuta tena. Ni mafuta yaliyoungana kwa moto wa mara nyingi yakawa aina ya rangi ngumu. Hakuna mvutano wa uso utakaoubandua. Loweka karai la chuma katika maji ya moto yenye soda ashi, kisha stilwaya. Sufuria za alumini usizifanyie hivyo, soda huzila na kuziacha nyeusi.

Ukilinganisha na sabuni ya mche, ya maji inashinda kwenye sahani na kushindwa kwenye nguo nzito. Mche ni mafuta yaliyopikwa na soda kali, na adui yake ni maji magumu, ambayo huufanya ugeuke utando mweupe usioosha. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani, na maji ya ziwa ni laini, ndiyo maana mche hutoa povu vizuri mjini. Anayetumia kisima chenye maji magumu ataona tofauti mara moja, na huyo achague ya maji. Sabuni ya kiwandani yenye nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ina sifa moja ambayo ya kupima haina: chupa ya leo na ya mwezi ujao ni ileile. Bei usiilinganishe kwa lita. Linganisha kwa beseni. Kama ya kupima inahitaji mililita 20 kufanya kazi inayofanywa na mililita 10 za kiwandani, bei yake ya lita izidishe mara mbili kabla hujasema ni rahisi.

Kusuuza ndiko kunakosahaulika, na hapa tena kipimo kinatoka katika meza za watu wa zama za Pockels. Kafuri, yaani karafuu maiti, hucheza juu ya maji safi: punje zinazunguka na kukimbia zenyewe. Juu ya maji yenye mafuta au sabuni husimama. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alikadiria mwaka 1890 kwamba utando wa mafuta wenye unene usiofika nanomita 2 unatosha kuisimamisha. Nunua kafuri halisi kwenye maduka ya vifaa vya ibada ya Wahindi katikati ya mji, si vidonge vya kufukuza wadudu wa nguo. Kwangua punje ndogo kwa wembe safi, usizishike kwa vidole, zidondoshe kwanza kwenye maji matupu kuhakikisha zinacheza, kisha kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia. Zikisimama, sahani bado zina sabuni au mafuta, na maji yabadilishwe.

Ni huyohuyo Rayleigh aliyemfungulia Agnes mlango. Baada ya kusoma habari za utafiti wake, Agnes alimwandikia Januari 1891, kwa Kijerumani, akimweleza chombo chake na matokeo, na kwamba yeye hana njia ya kuchapisha katika majarida ya sayansi. Miaka tisa hivi ilikuwa imepita tangu aunde hodhi lake. Mke wa Rayleigh alitafsiri barua, Rayleigh akaipeleka kwa jarida la Nature akiomba ichapishwe, nayo ikatoka Machi 12, 1891, mwaka mmoja kabla Wajerumani hawajaweka kituo chao Mwanza. Rayleigh angeweza kuyameza matokeo hayo katika kazi zake. Hakufanya hivyo, na anastahili sifa kwa hilo. Agnes aliendelea kuchapisha huku akiuguza wazazi. Irving Langmuir wa Marekani aliliboresha hodhi hilo na mwaka 1932 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi za nyuso za namna hiyo. Mwaka huohuo chuo kikuu cha ufundi cha Braunschweig kilimpa Agnes udaktari wa heshima, akiwa na miaka 70. Alifariki 1935. Ni heshima iliyochelewa mno, na mtu anayefundisha fizikia kwa wasichana wa sekondari alitaje jina lake siku ya mada hii, pamoja na hodhi lenyewe likiwa mezani.

Hodhi hilo fundi bati yeyote anayetengeneza majiko na ndoo anaweza kulikata: sentimita 70 kwa 5 kwa 2, na ukanda wa kukatiza. Matatizo mawili yatajitokeza. Kwanza, dawa inayotumika kuunga bati kwa risasi huacha mafuta kwenye kona, na mafuta hayo yatatandaa juu ya maji na kuharibu kila kipimo. Osha kwa sabuni na maji ya moto, suuza mara nyingi, hakiki kwa kafuri. Pili, maji yatamwagika ukingoni kabla hayajaugusa ukanda vizuri. Paka nta ya mshumaa kwenye kingo, maji yatainuka juu kidogo ya bati bila kumwagika. Kabla ya kila jaribio, buruta ukanda kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kufagia uso wa maji, utaratibu alioutumia Agnes mwenyewe.

Ukinunua ya kupima, peleka chupa yako iliyokauka, kwa kuwa maji yaliyobaki chini yanapunguza nguvu na kuleta uozo. Mwambie muuzaji atikise dumu taratibu kabla ya kumimina. Kama imejitenga matabaka au ina harufu ya yai viza chini ya ile limau, usichukue. Anza na nusu lita, pima, ndipo urudi kwa dumu zima la mtengenezaji huyohuyo, upime tena kila mzigo mpya unapoingia. Na chupa ya maji ya kunywa yenye sabuni ya rangi ya chungwa mtoto ataiona juisi. Bandua lebo ya zamani, andika SABUNI kwa kalamu nene pande zote mbili, iwekwe juu mbali na mkono wake.